Kumtetea kangaruu kabla kibali hakijatoka

Watetezi wengi wa kangaruu nchini Australia hujitokeza bunduki zikiwa zimeshaingia porini. Kufikia hapo kibali cha kuwaua wanyama hao kimetiwa saini kitambo, na bango halikifuti. Kazi inayozaa matunda hufanywa miezi kadhaa kabla, alfajiri, kwa daftari na koleo la waya.

Anzia kwenye kibali chenyewe. Katika jimbo la Victoria, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1975 inamlinda kangaruu, lakini mwenye shamba anaweza kuomba ruhusa ya kumdhibiti, hata kwa kumuua. Jirani huenda asijue lolote mpaka asikie milio. Kwa hiyo tumieni sheria ya haki ya kupata taarifa (ya Victoria ni ya mwaka 1982): ulizeni idadi iliyoruhusiwa katika eneo lenu, hasara iliyodaiwa, na mbinu zisizoua zilizojaribiwa kwanza. Msiombe "nyaraka zote kuhusu kangaruu". Ombi pana hukwama. Tajeni aina ya mnyama, halmashauri, tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Jina la mwenye shamba aliyeomba kibali hamlihitaji.

Halafu hesabuni. Njia ileile, watu wawili, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa asubuhi kadhaa. Andikeni umbali hadi kwenye kundi, na pembe yake kutoka kwenye njia yenu, pale lilipoonekana mara ya kwanza, si pale liliposimama baada ya kuwakimbia. Kosa hilo dogo huharibu hesabu nzima, kwa sababu wanyama huonekana wachache karibu na njia na wengi mbali nayo. Msijumlishe za siku tofauti mkasema ndiyo idadi ya kangaruu waliopo, maana ni wanyama walewale. Ila ili makadirio ya msongamano, yaani wanyama wangapi kwa kila eneo, yaaminike, kusanyeni angalau mara 60 hadi 80 za kuona kundi katika asubuhi zote. Inachosha, najua. Lakini mjini Canberra wanaharakati walipinga mauaji mbele ya baraza la rufaa mwaka 2013 na 2014, na mara zote mbili yakaruhusiwa. Upande wa serikali ulikuja na wanaikolojia. Nanyi nendeni na takwimu zenu, pamoja na pendekezo: chanjo ya kuzuia mimba inayodungwa kwa mshale, GonaCon, imeshatumika hukohuko Canberra.

Sasa uzio, ambao huua kimyakimya bila kibali cha mtu.

Kangaruu akiweza kupita chini, haruki. Akilazimika kuruka na mguu wa nyuma ukateleza kati ya waya wa juu kabisa na wa pili, mwili huangukia upande wa pili, nyaya zinajisokota na kufunga mguu kama kitanzi. Kadiri anavyopapatika ndivyo kinavyokaza. Dawa ni rahisi: tafuteni mapito yao, yaani ardhi iliyokwanguka na manyoya yaliyonasa kwenye waya. Hapo inueni waya wa chini hadi sentimita 40 au 50, nao uwe laini, usio na miba. Wa juu nao ubadilishwe uwe laini, au uvikwe bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Kazeni nyaya zilizolegea, kwani ndizo hujisokota upesi. Mfugaji wa kondoo atakataa mwanya, na ana sababu. Mpendekezeeni kilango cha kubembea kwenye pito lenyewe badala ya kubishana naye.

Mkimkuta aliyenasa, mpigieni kwanza mwokoaji mwenye leseni. Mfunikeni kichwa kwa blanketi, nyamazeni, kaeni mbali na miguu ya nyuma. Msikate waya na kumwachia aende zake: mguu uliokosa damu huoza baada ya siku chache, na hofu peke yake huweza kuvunja misuli yake hadi akafa siku kadhaa baadaye, hata kama aliondoka akirukaruka. Mama akiwa amekufa, kagueni mfuko. Mtoto asiye na manyoya aliyeng'ang'ania chuchu asivutwe kamwe; mdomo wake utachanika.

Kwenye mitaa mipya, kama ile ya kaskazini mwa Melbourne, dai moja lina uzito kuliko mengine yote: mpangilio wa ujenzi. Ardhi isafishwe kuanzia upande wa barabara kuelekea kwenye ukanda wa wazi, na upande wa ukanda huo uwe wa mwisho kuzungushiwa uzio, baada ya kundi zima kutoka.