Mwendo wa Wanyonyeshao

Wapendwa katika Bwana, neno la wiki hii linatoka Isaya 40:11, mahali ambapo nabii anamwonyesha Mungu kama mchungaji alishaye kundi lake na kuwachukua wana-kondoo kifuani mwake, kisha anaongeza maneno machache ambayo wengi wetu huyapita haraka: “nao wanyonyeshao atawaongoza polepole.” Nimeusikia mstari huu tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilimtazama mwana-kondoo aliyebebwa. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndipo nilipomwona kondoo jike atembeaye nyuma yake, ambaye hakubebwa, ambaye maziwa yanamwelemea, na ambaye kwa ajili yake mchungaji amepunguza mwendo wa kundi zima.

Maneno hayo yana historia katika Maandiko. Katika Mwanzo 33, Esau anamwalika Yakobo waongozane, na Yakobo anamjibu kwamba watoto wake ni dhaifu na kwamba anao kondoo na ng’ombe wanyonyeshao, ambao wakiharakishwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo yeye ataongoza polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto. Inawezekana Yakobo alikuwa na sababu nyingine za kutotaka kusafiri na ndugu yake, kwa maana mwishoni mwa sura hiyo hakumfuata Esau mpaka Seiri bali alielekea Sukothi. Hata hivyo alikuwa akisema jambo alilolijua. Alikuwa amefanya kazi kwa mjomba wake Labani kwa miaka 20, na mtu aliyechunga kwa muda huo hahitaji kuambiwa kinachompata mnyama anyonyeshaye akifukuzwa na fimbo. Siku moja inatosha kumwangusha.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya siku hiyo moja, kwa sababu naamini kwamba sisi waamini, kwa nia njema kabisa, tumewaharakisha mama wengi.

Siku ya tatu baada ya kujifungua nililia bila sababu. Muuguzi aliniambia kwamba hali hiyo huwapata wengi, na alisema kweli: wanawake walio wengi hulia, hukasirika upesi au hujihisi wanyonge katika siku za mwanzo, na kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Mara kondo la nyuma linapotoka, homoni ambazo mwili ulikuwa umezizoea kwa kiwango kikubwa katika miezi yote ya ujauzito hushuka ghafla kwa siku chache tu, na hayo hutokea wakati ambapo mwanamke ana vidonda, hajalala, na amekabidhiwa mtu ambaye uhai wake unamtegemea. Machozi ya namna hiyo hayahitaji dawa. Yanahitaji usingizi, chakula, na mtu asiyeyaogopa.

Yangu hayakuisha. Wiki ya tatu ilipita, ya sita ikapita, na badala ya machozi nikaingiwa na utupu ambao sikuwa na jina lake. Mtoto alipolala mimi sikuweza kulala. Nilimwosha, nilimnyonyesha, nilimbadilisha nguo, na nilifanya hayo yote kama mtu anayemtunzia mwingine mtoto wake akisubiri mwenyewe arudi. Kisha yakaja mawazo ambayo yalinitia hofu kuliko jambo lolote nililowahi kulijua: nilikuwa nikiona, pasipo kutaka, picha ya mtoto akiniponyoka mikononi kwenye ngazi, hata nikaacha kabisa kuzikaribia ngazi. Sikumwambia mtu. Niliamini kwamba mama ambaye akili yake inaweza kuzaa picha ya namna hiyo hastahili kuitwa mama, sembuse kuitwa mtoto wa Mungu. Miezi mingi baadaye nilifahamishwa kwamba mawazo ya ghafla ya mtoto kudhurika huwajia mama wengi sana, wagonjwa na wazima, na kwamba ule ulikuwa woga wa mtu anayempenda mtoto wake wala haukuwa nia iliyofichika moyoni. Laiti ningaliambiwa mapema.

Waamini wenzangu walikuja kunitembelea, na walikuja na furaha. Waliniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa wako wanaomlilia mtoto na hawajampata. Waliniambia kwamba wana ni urithi wa Bwana. Mmoja alinikumbusha maneno ya Yesu katika Yohana 16 kuhusu mwanamke ambaye akiisha kuzaa haikumbuki tena dhiki yake kwa sababu ya furaha. Yote ni kweli, na kila moja lilinipiga kama fimbo. Nilipoyarudia maneno yale ya Yesu nikiwa nimepata nafuu, niliona kwamba alikuwa akiwafariji wanafunzi ambao huzuni yao ingegeuka kuwa furaha watakapomwona tena. Hakuwa akitoa amri juu ya siku ambayo mama aliyejifungua lazima awe amekwisha kufurahi. Tunapolitoa neno mahali pake na kumwekea mama huyu kama kipimo, hutabasamu, husema “Amina”, na tukiondoka hufunga mlango akiwa peke yake kuliko alivyokuwa kabla hatujafika.

Maandiko yenyewe hayana woga huo tulio nao. Isaya huyohuyo, katika 49:15, anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, nasi hungoja jibu kwamba haiwezekani, lakini Bwana anajibu, “Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe.” Mungu hakujenga ahadi yake juu ya dhana kwamba moyo wa mama hauwezi kuchoka wala kuganda. Alijua kwamba unaweza, akajitwika mwenyewe kazi ya kutosahau, kwa mtoto na kwa mama pia.

Liko pia andiko moja ambalo sijasikia likihubiriwa kwa habari hii, nalo ni Hesabu 11. Musa amechoka, na anapotafuta mfano wa uchovu wake anauchukua kwa anyonyeshaye: je, ni mimi niliyewachukua mimba watu hawa wote, hata uniambie niwabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye? Anasema wazi kwamba hawezi kuubeba mzigo huo peke yake, na kwamba kama ndivyo atakavyotendewa, ni afadhali Mungu amwue. Kiongozi wa taifa, aliyezungumza na Mungu, anaomba kufa kwa sababu ya uchovu wa kulea. Mungu hamwambii kwamba imani yake imepungua. Anamwambia akusanye wazee 70, nao wataubeba mzigo pamoja naye, asiubebe peke yake. Jibu la maombi yale lilikuwa watu. Naomba tulikumbuke hilo tunapomwekea mama mikono kichwani na kumwombea, jambo ambalo ni jema, kisha tunamwacha na usiku ulio mbele yake.

Inafaa tuujue ugonjwa huu kwa jina lake. Madaktari huuita sonona baada ya kujifungua, na waweza kuanza wakati wa ujauzito au wakati wowote katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 waliojifungua, karibu 13 hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea idadi hiyo hukaribia 20. Zihesabuni safu za wanawake waliokaa na watoto wachanga siku ya ibada, nanyi mtaona kwamba hatuzungumzi habari za watu wa mbali. Huwapata zaidi waliowahi kuugua sonona, walio katika ndoa yenye ukatili, waliojifungua kwa shida, na wasio na msaada. Lakini humpata pia mwanamke mwenye mume mwema na nyumba yenye amani, na huyo ndiye anayeona aibu zaidi, kwa maana haoni sababu ya kuugua.

Tangu mwaka 1987 wahudumu wa afya wamekuwa na dodoso fupi lililotayarishwa Uskoti na kupewa jina la mji wa Edinburgh, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Swali la kwanza linamuuliza mama kama ameweza kucheka. Mimi nilipoulizwa nilinyamaza kwa muda mrefu, na mhudumu yule hakuniharakisha. La mwisho linauliza kama amewahi kuwaza kujidhuru. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu huogopa kuliuliza, tukidhani tutampandia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kumbe kuulizwa kwa upole huwa ni mlango wa kwanza kufunguka. Mama akijibu kwamba ndiyo, asiachwe peke yake, na afikishwe kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo.

Iko na hali nyingine, ambayo ni nadra, lakini sisi waamini tunapaswa kuijua kuliko wengine. Mama mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza, hupoteza uhusiano na mambo halisi: hukaa siku kadhaa karibu bila kulala na asihisi haja ya usingizi, maneno yake huenda kasi au huvurugika, husikia sauti, au husadiki jambo lisilo kweli kuhusu mtoto. Katika nyumba za watu wa imani usadiki huo mara nyingi huvaa lugha ya imani. Huenda akasema kwamba amepewa ufunuo, kwamba mtoto ametumwa, au kwamba amechukuliwa na giza. Nawasihi, viongozi na akina mama wa maombi, msikeshe naye mkipambana na sauti hizo huku saa zikipita. Huo ni ugonjwa wa dharura unaohatarisha uhai wa wote wawili, hutibika vizuri hospitalini, na mahali pa kuomba ni ndani ya gari linalompeleka huko.

Kuhusu tiba ya sonona yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa kila mgonjwa ana daktari wake. Yako mazungumzo ya matibabu na mshauri aliyefunzwa, na ziko dawa, baadhi yake zikiwa zile ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia kwa maelekezo ya daktari. Vilevile huenda akapimwa damu, kwa sababu upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana na hiyo. Aliyeandikiwa dawa asishawishiwe na mtu yeyote kuziacha ghafla ili kuonyesha imani. Mimi nilizitumia, na nilimwomba Mungu nikiwa nazo mkononi.

Baba pia wasisahauliwe. Takriban mmoja kati ya 10 hupatwa na sonona katika kipindi cha ujauzito au mwaka wa kwanza wa mtoto, na kwa wengi hujitokeza kama hasira, ukimya, au kuchelewa kurudi nyumbani. Mume wangu alinitunza kwa miezi mitano kabla ya mtu yeyote kumuuliza kama yeye amelala.

Aliyenishika mkono ni dada mmoja wa kanisani, mtu mzima, ambaye sikuwa namfahamu sana. Alikuja siku ya Alhamisi wakati wengine wote walikuwa wamekwisha kuja na kwenda. Hakuniuliza kama namshukuru Mungu. Aliniuliza mara ya mwisho nililala saa ngapi mfululizo, na niliposhindwa kujibu akamchukua mtoto, akasema, “Nenda kalale, mwanangu. Akitaka kunyonya nitakuamsha.” Nililala kwa muda wa saa nne. Aliniamsha kama alivyoahidi, akakaa karibu nami nikinyonyesha, ndipo nikamweleza habari za ngazi. Aliniambia kwamba hata yeye, miaka 31 iliyopita, alikuwa akivificha visu vya nyumba yake. Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki pamoja, akamshika mtoto kwenye benchi la nje wakati mimi nikizungumza na daktari, na kwa Alhamisi kumi na moja zilizofuata alirudi kwa saa ileile. Simjui mtu aliyenihubiria kuliko yeye, wala sikumbuki kwamba alifungua Biblia hata mara moja.

Sikupona kwa siku moja. Zilikuwepo wiki za nafuu na wiki za kurudi nyuma, na ilikuwa karibu mwezi wa tisa nilipomtazama mtoto wangu akijaribu kula kidole chake cha mguu, nikasikia sauti nisiyoizoea chumbani, nikatambua kwamba nilikuwa nikicheka. Muda si mrefu baadaye nilirudi ibadani. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili niweze kutoka ikinilazimu. Yule dada alikuja akaketi kando yangu, akaitandika kanga yake mapajani ili mtoto alale, na siku ile hakuna aliyeniomba nisimame kutoa ushuhuda.