Ninavyoipima tovuti

Tovuti nyingi huhukumiwa na watu wasiokuwa na shida nayo. Mkurugenzi huonyeshwa kazi iliyokamilika kwenye skrini pana ya ofisini, mbunifu mwenyewe anajua kila kitufe kilipo, na wageni waalikwa wa siku ya uzinduzi hupiga makofi kisha wakaenda kula. Wote hao wameitazama, lakini hakuna hata mmoja aliyeitumia. Kwa hiyo ninapoombwa maoni kuhusu tovuti mpya, jambo ambalo hunitokea mara kwa mara kutokana na kazi yangu, huomba kwanza nielezwe mtu gani anategemewa kuifungua na anakuja kutafuta nini. Na ni ajabu jinsi swali hilo linavyokosa jibu hata kwa watu waliokwisha kulipa mamilioni.

Sababu ya kutoliamini jicho inajulikana muda mrefu. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura wa kituo cha usanifu cha Hitachi, waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya skrini ya mashine ya kutolea fedha, wakawataka waseme ni ipi inayopendeza na ni ipi inayoonekana kuwa rahisi kutumia. Ikaonekana kwamba watu walipokadiria urahisi, makadirio yao yalifuata uzuri wa mpangilio kuliko yalivyofuata urahisi wake halisi. Mtafiti mwingine, Noam Tractinsky, alilirudia jaribio hilo nchini Israeli akitarajia kwamba huko uhusiano huo ungekuwa hafifu, lakini akaukuta una nguvu zaidi. Hii haina maana kwamba uzuri ni bure, kwa kuwa mpangilio safi humpa mgeni imani, na imani ni sehemu ya kazi ya tovuti. Ila matapeli nao wanalifahamu hilo, na kurasa zao za mikopo ya uongo siku hizi zimepambwa kuliko za benki.

Mfano ninaopenda kuutoa, ambao huwaudhi kidogo wabunifu wa picha, ni kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania. Ukifungua matokeo ya kidato cha nne unakuta orodha ya shule, na kila jina la shule ni kiungo. Ukikibonyeza unafika kwenye jedwali lenye namba za watahiniwa, jinsia, pointi, daraja na alama za kila somo. Hakuna picha zinazopokezana, hakuna kujisajili, hakuna nenosiri, wala hakuna salamu za mkurugenzi zinazopaswa kusomwa kwanza. Kwa macho ya leo kurasa hizo zinaonekana kama zimetoka miaka ya tisini, na jedwali lake pana humlazimu mwenye simu ndogo kulisogeza huku na huku. Lakini ni maandishi matupu, kwa hiyo ni nyepesi, na wepesi huo una thamani kubwa siku ambayo nchi nzima inafungua kurasa zile zile kwa wakati mmoja. Isitoshe, kila shule ina anwani yake, kiasi kwamba mzazi aliyeko Kigoma anaweza kuinakili na kumtumia mjomba wa mtoto aliyeko Dar es Salaam kwa WhatsApp, naye akabonyeza na kutua palepale kwenye jedwali badala ya kuelekezwa kwa maneno kupita menyu tatu. Ningeombwa kuzirekebisha, ningegusa jedwali na ukubwa wa herufi, kisha ningeondoa mikono yangu.

Upande wa pili huwa naliweka duka la mtandaoni la Boo.com, lililofunguliwa Novemba 1999 makao yake yakiwa London, kwa lengo la kuuza mavazi ya michezo na ya mitindo katika nchi kadhaa kwa mpigo. Mteja aliweza kulizungusha vazi na kulitazama kila upande, na alipokewa na mhudumu wa kuchorwa aliyeitwa Miss Boo. Yote hayo yalihitaji kupakua mzigo mkubwa, ilhali wateja wengi wa wakati ule waliingia mtandaoni kwa modemu za simu ambazo kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Mei 2000 kampuni ikaanguka baada ya kuteketeza zaidi ya dola milioni 100. Sababu zilikuwa nyingi, ubadhirifu ukiwemo, na haitakuwa haki kuitwika tovuti lawama yote. Lakini duka ambalo mteja anachoka kulisubiri kabla hajaona bei lilikuwa limeshajifungia mlango.

Kosa hilo halikufa pamoja na modemu. Leo picha hutolewa kwenye kamera ikiwa na megabaiti tano na kupandishwa kwenye ukurasa wa mwanzo ilivyo, bila kupunguzwa, kisha zinaongezwa nyingine nne ili zipokezane. Kwenye mtandao unaotoa megabiti moja, yaani sehemu ya nane ya megabaiti, kwa sekunde, ambayo si kasi ya ajabu ukishatoka mjini, picha moja ya namna hiyo inahitaji sekunde 40. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi kutoka Denmark, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde kumi ndio ukomo wa kumshikilia mtu anayesubiri. Zikipita hizo, mawazo yake yameshahamia kwingine. Hapa kwetu pia anayesubiri analipia kusubiri kwake, kwa sababu bando lake linakatwa kwa picha ya jengo la makao makuu ambayo hakuiomba. Katika ukaguzi wangu picha zinazopokezana huhesabika kama dosari mpaka mwenye tovuti athibitishe vinginevyo, na sijawahi kukutana na aliyethibitisha.

Kuhusu rangi sina mengi. Mwongozo wa kimataifa wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu cha msimbo #999999 juu ya nyeupe, ambacho wabunifu hukipenda kwa upole wake, hakifikii hata 3 kwa 1, na maandishi yake hayasomeki kabisa kwa mtu aliyesimama kituo cha daladala saa saba mchana.

Mahali ambapo tovuti hujitambulisha tabia yake halisi ni kwenye fomu. Ukurasa wa mwanzo unaweza kudanganya, lakini fomu haiwezi. Mimi huanza kwa kukosea makusudi: naandika namba ya simu kwa kuanza na 07 badala ya +255, naacha nafasi katikati, naweka jina la familia lenye alama ya ritifaa kama Ng'wanakilala, napakia picha kubwa kuliko inavyoruhusiwa, kisha nawasilisha. Tovuti iliyotengenezwa na mtu anayewafahamu watumiaji wake hupokea namba kwa namna zote mbili na kuipanga yenyewe, hukubali jina la mtu lilivyo, na palipo na kosa hueleza kosa hilo kando ya kisanduku husika, huku majibu mengine yakibaki salama. Tovuti mbovu husema juu kabisa, kwa rangi nyekundu, kwamba kuna hitilafu, bila kusema ipi, kisha hufuta kila kitu pamoja na vyeti vilivyokwisha kupakiwa. Nyingine humtoa mtu nje kwa sababu ya ukimya wakati ambapo ametoka kwenda kusoma ujumbe wenye namba ya uthibitisho kwenye simu hiyo hiyo, jambo ambalo tovuti yenyewe ndiyo iliyomwagiza alifanye. Na kiwango cha ukubwa wa picha mara nyingi hutajwa baada ya picha kukataliwa, ilhali sentensi moja juu ya kitufe ingetosha.

Kwa huduma za namna hii ninacho kipimo ambacho hakimo katika vitabu: huwa nauliza vijana wa steshenari. Wao ndio wanaowajazia watu maombi ya mikopo, ya kazi na ya vyuo kwa malipo, na wanazijua tovuti za nchi hii kuliko waliozitengeneza. Watakuambia ni ipi isiyofunguka mchana na hivyo huifanyia kazi usiku, na ni ipi inayotaka kivinjari fulani tu. Baadhi ya wateja wao huja kwa sababu hawana kompyuta wala mashine ya kuskani, na hao hawahusiani na ubunifu. Lakini mwenye simu janja mkononi na shahada mfukoni anapolipa ili ajaziwe fomu ya kurasa mbili, anayepaswa kujieleza ni aliyeitengeneza fomu hiyo.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana machoni, nayo huikuta hata kwenye tovuti zilizotengenezwa kwa uangalifu. Mwanzoni mwa msimbo wa kila ukurasa pana mahali pa kutaja lugha ya ukurasa huo. Kwa kuwa violezo vingi hununuliwa vikiwa tayari, mahali hapo hubaki pameandikwa "en" hata kama ukurasa wote ni wa Kiswahili. Asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, husomewa Kiswahili hicho kwa matamshi ya Kiingereza, mpaka maneno yenyewe yasitambulike. Sauti ya Kiswahili ipo. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, huja na eSpeak NG, kitoa sauti ambacho kinaijua lugha hii. Kinachotakiwa ni kuandika "sw".

Hilo hunifikisha kwenye kitufe cha kubadilisha lugha, ambacho siku hizi kimewekwa karibu kila mahali. Hukibonyeza nikiwa ndani ya ukurasa wa masharti au wa malalamiko, si kwenye ukurasa wa mwanzo. Mara nyingi menyu inageuka kuwa ya Kiswahili, kichwa cha habari kinageuka, na chini yake aya zote zinabaki kwa Kiingereza. Mara nyingine kitufe hicho hunirudisha mwanzo kabisa nianze upya kutafuta nilipokuwa. Tovuti ya namna hiyo, katika ripoti yangu, huiandika kuwa ni ya lugha moja.