Vizibo 36 na kosa la kumi

Aliyeanza ni mpwa wangu. Alikaa sakafuni hapa dukani akipanga vizibo vya soda, kwanza mraba wa sita kwa sita. Akauvunja, akapanga pembetatu: kimoja juu, viwili chini yake, kisha vitatu, hadi mstari wa vinane. Hakikubaki hata kimoja.

"Mjomba, kuna namba nyingine inayofanya hivi?"

Nikamjibu ipo, ingawa sikuwa na hakika. Nikageuza daftari la madeni ukurasa wa mwisho, nikaanza kujumlisha: 1, 3, 6, 10, 15, kila jumla naitafutia kipeuo kwenye simu. Wateja walikuwa wa kuhesabu siku hiyo. Mstari wa 76 ukanipa 2,916, ambayo ni 54 mara 54. Tukapigiana makofi.

Usiku nikakumbuka njia ya mkato: mistari n ina vizibo n(n+1)/2. 76 mara 77, gawa kwa 2, ni 2,926! Nikarudi kwenye daftari. Mstari wa 41 nilikuwa nimeandika 851 badala ya 861, na kumi hiyo ikanifuata hadi mwisho. Kibaya zaidi, mstari wa 49 nilikuwa na 1,215 nikaupita tu. Jumla yake halali ni 1,225, yaani 35 mara 35. Nililitafuta jibu na nikalikanyaga.

Basi nikaacha kujumlisha, nikaandika mlinganyo: n(n+1)/2 = y². Zidisha pande zote kwa 8, ongeza 1, upande wa kushoto unakuwa (2n+1)². Iite 2n+1 kuwa x, unabaki na x² − 8y² = 1, na majibu yanayokubalika ni namba kamili tu. Kwa vile vizibo 36, x ni 17 na y ni 6: 289 toa 288.

Milinganyo ya namna hii ni ya zamani sana. Brahmagupta wa India aliiandikia mwaka 628, akaonyesha kwamba majibu mawili ukiyaunganisha yanazaa la tatu. Kwa 8, jibu dogo ni 3 na 1. Liunganishe na jozi yoyote x na y, unapata jozi mpya: 3x + 8y, na x + 3y. (Fungua mabano mwenyewe uone 48xy zinavyofutana.) 17 na 6 zikanipa 99 na 35. Hizo nazo zikanipa 577 na 204: vizibo 41,616, mistari 288. Kwa daftari la madeni nisingefika. Na afadhali ilikuwa 8. Ingekuwa 61, y ndogo kuliko zote, ukiacha sifuri, ni 226,153,980.

Lakini ile 2,916 haikuniacha. Kosa limeangukiaje kwenye mraba? Nikalitia kwenye mlinganyo: kupunguza kumi kunageuza ile 1 ya kulia kuwa 81, na 81 ni 9 mara 9. Zidisha 17 na 6 kwa 9, unapata 153 na 54. Kumbe lilikuwa jibu lilelile la vizibo 36, limevaa kanzu ya mtu mkubwa.

Mpwa wangu hayo hayamhusu. Anataka kuiona 1,225 sakafuni, na ndoo yake ina mia saba na kitu. Siku hizi soda haifunguliwi dukani kwetu bila yeye kusimama pembeni amekinga mkono.