Uzi, nta na kivuli
Muhula huu kwenye darasa la sanaa brashi nimeiweka kando. Nilianza na plasta, ule unga mweupe wa kutengenezea sanamu, ikanitia adabu: nilimimina maji juu ya unga badala ya kunyunyizia unga kwenye maji, nikapata uji wa mabonge. Tena ikianza kuganda inapata joto yenyewe. Niliigusa nikashtuka, nikadhani nimeharibu.

Halafu nta ya nyuki. Rangi iliyochanganywa na nta ya moto inaganda kabla mkono haujamaliza mstari, kwa hiyo unachora vipande vipande kama mtu mwenye kigugumizi. Picha nyingi za nyuso za watu zilizopatikana Fayum kule Misri zilichorwa hivyo karibu miaka 2,000 iliyopita, na bado zinakukodolea macho!

Kazi ya mwisho ni ya kusimika, yaani chumba kizima kinageuka kazi ya sanaa: karatasi zilizochovywa kwenye nta, zinaning'inia kwa uzi kutoka kwenye dari, taa moja sakafuni. Siku tatu nimehangaika na karatasi, kumbe utamu uko kwenye kivuli. Mtu akipita zinatikisika, na ukuta unakuwa kama unapumua.

Mwalimu alisimama kimya, kisha akauliza, "Hizi karatasi lazima zionekane?"

Bado sijamjibu.