Tafakari ya wiki: Rebeka na macho ya mumewe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii ni zamu yangu na kusema kweli nilitaka nimwachie mwingine, manake neno lililonijia ni Mwanzo 27 na kila nikilisoma linanigeukia mimi mwenyewe. Hiyo sura tukiihubiri huwa tunamsema Yakobo, alivyojifanya kaka yake Esau mbele ya baba yao Isaka aliyekuwa haoni ili apate baraka, zile ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, basi tunafunga. Leo naomba tumwangalie mama yake, Rebeka, aliyekuwa jikoni. Aliyeanza kumdanganya Isaka si mtoto, ni mke. Rebeka ndo alijua mzee anaona nini na haoni nini, nyama anaipenda imepikwaje, akipapasa ataanzia wapi. Mtu wa nje asingeyaweza hayo.

Mnajua mzee wangu, baba watoto, ni mgonjwa wa macho. Ilianza kama mchezo, mwaka jana aligombana na fundi wa chuma akisema grili za dirisha la sebuleni amezipinda, fundi akaja na pimamaji akaonyesha zimenyooka kabisa, mzee anasema hapana, hapo katikati zimejikunja kama nyoka. Mi nikamwonea huruma fundi nikadhani ni ukali wa uzee tu. Halafu kanisani akisoma somo akawa anaruka maneno. Watu wakasema mtoto wa jicho, wengine presha ya macho, kuna aliyetuuzia matone ya mitishamba, huyo namwachia Mungu.

Tulipomfikisha kwa daktari wa macho Mbarara ndo tukaelewa. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, na katikati ya huo utando kuna kasehemu kadogo kanaitwa makula, hako ndo tunasomea, hako ndo tunatambulia sura ya mtu. Kake kamechakaa. Jicho la kulia ni ile aina kavu, inakula polepole na miwani haiisaidii. La kushoto ni aina ya maji, vijishipa vya damu vimeota pasipotakiwa vinavuja, na hiyo inachomwa sindano ndani ya jicho lenyewe. Ndiyo, ndani ya jicho, nilishika ukuta. Tukapewa na karatasi ya miraba yenye nukta katikati, tumeibandika kwenye kabati, kila asubuhi anafunika jicho moja anaitazama ile nukta na kuniambia kama mistari imepinda zaidi. (Ninyi mliopita 50, ukiona mlango ulionyooka umepinda usimsingizie fundi, nenda upimwe, na wavuta sigara daktari aliwataja kabisa.) Mwisho akasema neno moja sikulitilia maanani: giza tupu hatakuwa nalo, pembeni ataendelea kuona, panapopotea ni katikati.

Tuliporudi nyumbani Kasese nikawa mimi ndo macho. Meseji za simu yake nasoma mimi, pesa nahesabu mimi, watu wananisifu eti mama una moyo. Na pole pole nikaanza kuchagua. Meseji ya shemeji anayeomba mkopo naruka. Ya msiba wa mbali naruka, asije akataka kusafiri. Sikuuita uongo wapendwa, niliuita kumpunguzia mawazo.

Ndo ikaja pesa ya kahawa. Mnunuzi ameshalipa ameondoka, mzee amekaa kwenye kiti chake uso umeelekea ukutani kule kwenye kabati, mi nahesabu mezani. Kitinda mimba wetu alikuwa anasumbua pesa ya kuongezea anunue boda na baba yake alishamkatalia mara mbili. Nikachomoa noti za elfu ishirini ishirini, tatu, nikafunga kwenye pindo la kitenge. Akauliza imetoka ngapi, nikataja pungufu. Akasema sawa.

Siku tisa alinyamaza. Siku ya kumi nampelekea maji ya kunawa akaniambia bila kupandisha sauti, "Mama watoto, unadhani nikigeuza uso ndo sioni. Nikigeuza uso ndo naona. Zilikuwa nyekundu, tatu."

Maji yalimwagika. Kumbe kutazama ukuta ndo kunitazama mimi! Akitaka kuona kitu anakiweka pembeni ya jicho, na siku hizi akiongea nawe analitazama sikio lako, mi nilidhani amepoteza mwelekeo. Na kilichoniuma zaidi, huyu mzee wiki chache kabla alikuwa ameninong'oneza kwamba jioni anaona maua ukutani, maua mazuri yasiyokuwepo, aliniambia mimi peke yangu akiogopa mkisikia mtasema mapepo (daktari alisema si mapepo wala kichaa, ni ubongo unajaza pale jicho lilipoacha pengo, na yeye amekubali niwaambie). Mtu amenifungulia mpaka hapo, mi namficha 60,000.

Turudi kwa Rebeka. Isaka naye alishuku, soma vizuri, aliuliza mbona umepata upesi, akasema sogea nikupapase, akasema sauti ni sauti ya Yakobo. Mwenye macho mabovu hakuwa mjinga. Na Rebeka akamwambia mwanawe akakae kwa mjomba wake Labani siku chache tu, mpaka hasira ya Esau ipoe. Siku chache zikawa miaka 20, na Biblia haituonyeshi popote kwamba alimwona tena yule mtoto aliyempigania.

Sisi tuliookoka huku tunapenda sana kusema kutembea nuruni, tunasimama tunatubu mbele ya ndugu. Mimi nilikuwa nasimama natubu hasira, natubu kusengenya, vitu vyepesi, kumbe nyumbani nimejijengea giza langu ndani ya giza la mtu mwingine. Kwa hiyo natubu hili, kwake nilishatubu, na kwenu leo. Kijana bado hajarudisha, tumekubaliana atarudisha kidogo kidogo, na baba yake ndo atapokea mkononi. Zile meseji nilizoruka nimemsomea zote, alilia kwa ule msiba, marehemu alikuwa rafiki yake wa shule, na hapo sikuwa na la kusema.

Jumanne tunarudi Mbarara kwa sindano ya nne, mtuombee, teksi ya kwanza ya asubuhi. Safari iliyopita tulipopita mbugani kabla ya daraja la Katunguru alinigusa goti akasema tazama tembo. Nilikuwa nasinzia. Uso wake umeelekea kwa dereva, na tembo walikuwepo kweli, watatu, upande wangu wa dirisha.