Mti wa mpox: hatimaye tawi la Kamituga limetulia

Limekubali! Nachora mti wa ukoo wa virusi vya mpox kutokana na jenomu zao, yaani maandishi yao yote ya DNA. Tawi la kladi Ib (kladi ni kundi la ukoo mmoja), lile lililogunduliwa mwaka 2023 Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, sasa limesimama peke yake kwenye mti. Mabadiliko mengi yaliyomo yana alama ileile: herufi za DNA TC zimegeuka TT, au ukisoma uzi wa pili wa DNA, GA zimegeuka AA. Hiyo ni kazi ya APOBEC3, kimeng'enya cha seli za binadamu. Alama hiyo ikirundikana hivi, virusi vinapita mtu kwa mtu. Havitoki porini upya kila mara.

Kilichonitesa wiki zote hizi ni ncha za jenomu. Herufi ziko kama 197,000, na zile 6,400 hivi za mwanzo zinajirudia mwishoni kinyumenyume. Kipande kifupi kutoka kwenye mashine ya kusoma DNA hakisemi kimetoka ncha ipi, kwa hiyo kila maabara inajaza kivyake: hawa wanaweka N (herufi isiyojulikana), wale wananakili upande mmoja. Matokeo yake, sampuli mbili za mji mmoja zinatupwa matawi ya mbali kama hazijuani. Nilikuwa naitazama hiyo picha hadi nakasirika.

Halafu kuna pengo. Kladi Ib imepoteza kipande cha herufi zaidi ya 1,000, kilekile ambacho kipimo cha kutambua kladi I (Ia na Ib kwa pamoja) kilikuwa kinakitafuta, ndiyo maana kipimo hicho kilikuwa kinaikosa. Pembezoni mwa pengo ulinganishaji, yaani kupanga jenomu herufi kwa herufi, unateleza, na kuteleza kidogo tu kunazaa mabadiliko ya uongo. Dawa ikawa kufunika kwa N ncha zote mbili, marudio mafupi na kingo za pengo kabla ya kugusa IQ-TREE, programu inayojenga mti.

Kwa ulinganishaji, programu ya Nextclade haina mpinzani kwangu. Inapima kila jenomu dhidi ya jenomu rejea moja, haraka, na kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kuzipanga zote kwa pamoja kwa programu ya MAFFT ni kuiua bure kompyuta ya kawaida.

Ili nijiamini nilianza na ukoo wa mpox wa Nigeria, ambao jibu lake linajulikana: takriban mabadiliko 6 kwa mwaka tangu uanze kuzunguka kwa binadamu, wakati kwa wanyama ni 1 hivi kila miaka 3. Alama za APOBEC3 zikajitokeza palepale zinapotakiwa. Ndipo nikaigeukia Kamituga.

Mpango ulikuwa nifuate sasa njia ya kladi Ib kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, mwaka 2024. Ramani itasubiri. Nimeanza kupakua jenomu za Kinshasa, kwa sababu kule hata kladi Ia, iliyozoeleka kutoka kwa wanyama, imeanza kubeba TT hizohizo. Nataka kuona zinaanzia kwenye fundo lipi la mti, yaani pale matawi yanapoachana. IQ-TREE inakokotoa jenomu za mababu wa virusi hivyo sasa hivi.