Oscar ya 97: nilikesha kwa ajili ya mafundi

Kila mtu anaongelea filamu ya Anora kubeba tuzo 5, na ni haki yake. Ila kilichonizuia kusinzia usiku ule wa Machi 2, 2025 ni zile tuzo ambazo wengi huzitumia kunyoosha miguu: mavazi, upigaji picha, uhariri. Mimi ni mhariri wa video. Nashinda mbele ya kompyuta nikikata na kuunga picha za harusi na matangazo, na sijawahi kusikia mtu aliyetoka kutazama harusi akiuliza nani aliihariri. Kwa hiyo Oscar naitazama nikiwatafuta wenzangu, wale ambao nyuso zao hatuzijui.

Mwaka huo waandaaji walifanya jambo nililolipenda mno. Kwenye tuzo ya ubunifu wa mavazi walipandisha waigizaji 5 jukwaani, mmoja kwa kila filamu iliyoteuliwa, na kila mmoja akamzungumzia mbunifu wa filamu yake. John Lithgow alisimama kwa niaba ya Conclave, Elle Fanning kwa A Complete Unknown, na Bowen Yang alikuja amevaa vazi lake lilelile la Wicked. Watu ambao kwa kawaida majina yao husomwa mbiombio walikuwa wamekaa pale wakiambiwa, dunia nzima ikisikia, kazi ya mikono yao imefanya nini. Kisha likatajwa jina la Paul Tazewell wa Wicked. Ruth E. Carter alishaandika historia kama mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, akashinda 2019 kwa Black Panther na tena 2023 kwa filamu iliyofuata. Tazewell ndiye mwanaume mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na alilisema mwenyewe pale jukwaani, kwa sauti ya mtu anayejivunia. Ukumbi ulisimama. Nami huku nilikuwa nimeshasimama zamani.

Utaratibu huohuo ukatumika kwa wapiga picha. Dave Bautista alimsemea mpiga picha wa Dune: Part Two, Willem Dafoe wa Nosferatu. Alishinda Lol Crawley kwa The Brutalist, na alistahili. Walitumia VistaVision, mfumo wa miaka ya 1950 ambao mkanda unapita ndani ya kamera kwa ubavu badala ya wima, hivyo kila picha moja inapata eneo kubwa zaidi kwenye mkanda. Ukiitazama kwenye skrini kubwa unaona hadi chembechembe za ukuta wa zege.

Haya nayashangilia kwa nguvu kwa sababu naikumbuka 2022. Mwaka ule tuzo 8, uhariri ikiwemo, zilitolewa kabla ya matangazo ya moja kwa moja kuanza, kisha zikapachikwa vipande vipande katikati ya sherehe. Dune ya kwanza ilishinda tuzo 6 usiku ule, na 4 kati ya hizo (sauti, muziki, uhariri na usanifu wa mandhari) zilikuwa kwenye hilo fungu la pembeni. Fikiria: uhariri ukatolewa pembeni ili kipindi kihaririwe kiwe kifupi! Mwaka uliofuata tuzo zote zilirudishwa hewani, na inapaswa zibaki hapo.

Tuje kwenye uhariri wenyewe. Nilikuwa naipigia debe Conclave, kwa sababu kufanya wazee waliojifungia wakipiga kura ya kumchagua Papa kuwe na presha kiasi kile ni kazi ya mkasi. Akashinda Sean Baker kwa Anora, na sina kinyongo hata kidogo. Irudie ile sehemu ambayo wanaume wanavamia nyumba na kumkuta Ani, mhusika mkuu. Inakwenda karibu nusu saa, vitu vinavunjika, watu wanapigana, wanabembelezana, wanapigana tena, na hakuna mahali unahisi umerushwa mbele. Unajua nani yuko upande gani wa chumba muda wote. Mhariri ameacha ukimya mahali ambapo mwingine angekata. Baker alipofika kwenye maikrofoni alitania kwamba filamu ile aliiokoa kwenye uhariri na kwamba mwongozaji wake asipewe kazi tena. Mwongozaji ni yeye mwenyewe. Aliondoka na tuzo 4 usiku mmoja kwa filamu moja, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kabla yake.

Kuna kilichoniuma. Washindi huambiwa wamalize ndani ya sekunde 45 hivi. Adrien Brody, mwigizaji bora wa kiume, alizungumza kwa zaidi ya dakika 5, na muziki ulipoanza aliomba uzimwe, akasema hii si mara yake ya kwanza. Namheshimu sana, na The Brutalist isingesimama bila yeye. Lakini usiku huohuo Shirin Sohani na Hossein Molayemi, washindi wa katuni fupi kutoka Iran, walipanda jukwaani wakieleza kwamba viza zao zilichelewa hadi siku moja kabla na kwamba walikuwa wametua Los Angeles saa chache tu zilizopita. Walikuwa wanahema, wanasoma maneno yao, kila dakika kwao ilikuwa ya kuhesabu. Hao ndio ningewapa dakika 5. Filamu yao haina neno hata moja, na pale ndipo wangeweza kusema.

Flow, iliyoshinda katuni ndefu, nayo haina maneno, ni paka na wenzake kwenye mafuriko. Gints Zilbalodis na kikundi chake kidogo waliitengeneza kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, wakaishinda Inside Out 2 ya studio kubwa ya Pixar. Latvia haikuwahi kushinda Oscar kabla ya hapo. Brazil nao walipata yao ya kwanza ya filamu ya kimataifa kwa I'm Still Here. Na mwigizaji bora wa kike, Mikey Madison wa Anora aliyeshinda, au Demi Moore? Mimi ningempa Fernanda Torres wa I'm Still Here, na nitaendelea kusema hivyo.

Kuanzia 2026 Oscar ina tuzo mpya, ya wanaowatafuta na kuwachagua waigizaji. Hawa walisubiri miaka mingi mno. Naomba nao wapewe utaratibu ule wa 2025: mwigizaji apande, amtazame mtu aliyemwona kwenye usaili wakati hakuna aliyemjua, aeleze siku ile ilikuwaje. Na wahariri waongezwe kwenye foleni hiyo.